Mlenda wa Visima Vikongwe

Judith alifika Morogoro akiwa ameshaamua moyoni kwamba anakwenda kuona utapeli. Kazi yake katika mfuko mmoja wa uwekezaji jijini Dar es Salaam ilikuwa kuikagua miradi ya watu kabla mfuko haujatia fedha zake, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kutomwamini mtu upesi. Alikwisha kuonyeshwa mabwawa ya samaki yasiyo na maji. Alikwisha kutembezwa ndani ya kiwanda cha juisi ambacho mashine zake zilikuwa za kukodi kwa siku ile moja. Sasa alikuwa ameletewa habari za mtu wa Kihonda, pale Morogoro mjini, anayetengeneza kimiminika cha kuongeza mafuta katika visima vya petroli vilivyozeeka, na habari hizo alizisoma mara mbili kwa kudhani amekosea. Morogoro aliijua tangu utoto. Kwao ni Matombo, huko juu Uluguru, na hakuwahi kumsikia mtu wa huko akizungumzia kisima cha mafuta.

Alifuatana na Godfrey, mhandisi mtu mzima aliyefanya kazi kwenye visima vya mafuta nje ya nchi hadi alipostaafu, ambaye mfuko ulimwajiri kwa ajili ya ukaguzi huu peke yake. Godfrey alikuwa mkali kuliko Judith. Alikuja na dumu lake la mafuta ghafi na gunia lake la mchanga, akasema jaribio litafanywa kwa vitu vyake au halitafanywa kabisa.

Mwenyeji wao aliitwa Hafidhi, mwembamba, aliyewahi kufundisha kemia chuoni kabla ya kuacha na kukodi godauni moja lililokuwa la kukamulia alizeti. Hakuonekana kukerwa na masharti ya Godfrey. Aliwapa bomba la kioo refu kama mkono wa mtu, akawaacha walijaze wenyewe.

"Kisima kikizeeka si kwamba mafuta yamekwisha," alimweleza Judith huku Godfrey akishindilia mchanga. "Sehemu kubwa bado imenasa kwenye mwamba. Wenye visima hupampu maji chini ili yayasukume mafuta yatoke. Tatizo la maji ni wepesi wake. Yanatafuta njia ya mkato, yanapita zake, mafuta yanabaki pembeni. Ukiyafanya maji yawe mazito kidogo, hayakimbii tena. Yanakwenda taratibu na kukumba kila kitu mbele yake."

Judith aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Maneno matamu alikuwa ameyasikia mengi.

Godfrey alipampu maji kwenye ule mchanga uliolowa mafuta. Upande wa pili yakatoka mafuta meusi, kisha mafuta na maji, kisha maji matupu. Aliendelea kupampu mpaka akaridhika kwamba hapo pamekauka, na ndivyo kisima kikongwe kilivyo: kinatoa maji tu, mwenyewe anakifunga na kuondoka. Ndipo Hafidhi akampa kimiminika chake kwenye chupa. Kilikuwa cha rangi ya majani yaliyochakaa, kikivutika kama uzi.

Walisubiri. Mwanzoni yalitoka maji yale yale meupe, na Judith akaanza kufungua mkoba wake atoe simu. Kisha Godfrey akasema, kwa sauti ndogo, "Hebu njoo hapa."

Mdomoni mwa bomba palikuwa pametokea tone jeusi. Likafuatiwa na jingine. Halafu mafuta yakaanza kutoka mfululizo, meusi tititi, yakashuka kwenye kikombe cha kupimia, na ule mchanga ndani ya kioo ukawa unabadilika rangi kutoka nyuma kwenda mbele kama kitambaa kinachofuliwa. Godfrey alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mchanga ni wake. Mafuta ni yake. Hapakuwa na mahali pa kuficha kitu.

"Umekitengeneza kwa kitu gani hiki?" aliuliza.

"Mlenda," alisema Hafidhi.

"Mlenda upi?"

"Mlenda wa mboga. Ule ute wake. Tunakausha majani, tunayasaga, tunachuja, tunaweka dawa ya kuzuia kuoza."

Judith alijikuta ameketi kwenye kreti bila kukumbuka alivyoketi. Mlenda ni mboga aliyokuwa akiikataa utotoni kwa sababu ya huo huo utelezi. Alikuwa bado anaitazama ile chupa, akili haijamtulia, wakati mlango wa nyuma ulipofunguliwa na mwanamke aliyevaa koti jeupe la maabara juu ya kitenge akaingia na beseni la majani makavu kichwani.

"Karibuni wageni," alisema mwanamke yule, akalitua beseni. Kisha akamwona Judith, na tabasamu likamfia usoni.

Alikuwa Modesta, mama yake mzazi.

Mdomo wa Judith ulijiendea wenyewe. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Judith alilitazama lile koti jeupe, na kalamu iliyochomekwa mfukoni mwake, kana kwamba ni vitu vilivyodondoka kutoka mbinguni. Huyu ni mama ambaye yeye alimwacha Matombo sikukuu ya Pasaka akilalamikia magoti. Mama aliyekuwa akipiga simu kila wiki na kusema huku hakuna jipya, mvua tu.

Hafidhi alicheka kwa furaha, hajui alitendalo. "Kumbe mnafahamiana! Basi vizuri. Bi Modesta ndiye mwenzangu katika kampuni hii. Katika kila hisa kumi, tatu ni zake."

Godfrey aligeuka akamtazama Judith. Mkaguzi hawezi kukagua mali ya mama yake. Alisimama, akaomba radhi, akatoka nje kwenye jua kali la Kihonda, na mama yake akamfuata.

"Tangu lini?" aliuliza Judith.

"Tangu masika ya mwaka juzi. Alikuja Matombo akitafuta mbegu za mlenda. Akakaa kwangu siku kadhaa, tukazungumza."

"Na hukuniambia."

"Ungekataa," alisema Modesta.

"Mama, hisa tatu katika kumi. Umempa nini huyu mtu?"

Modesta alilivua lile koti taratibu, akalikunja. "Twende nyumbani ukaone mwenyewe. Hapa nitakueleza nini?"

Walipanda mchana ule ule kwa gari la Judith. Njia ya Matombo ni ile ile siku zote, mawe na makorongo, na mama na binti hawakusemeshana isipokuwa pale Modesta alipomwonya apunguze mwendo. Judith alikuwa akijaribu kupanga maswali kichwani, na kila alipolipanga moja linamponyoka. Walipomaliza kona ya misheni na kuona mteremko wa kwao, alikanyaga breki katikati ya barabara.

Mikarafuu haikuwapo.

Mteremko wote ule, kuanzia nyuma ya nyumba hadi bondeni, ulikuwa umefunikwa na kijani kifupi cha mlenda uliopandwa kwa matuta. Mikarafuu ya bibi yake, ambayo harufu yake iliwalaza na kuwaamsha, iliyomsomesha Judith kuanzia sekondari hadi chuo kikuu, ilikuwa imebaki visiki. Wakati wa Pasaka, safari yake pekee ya nyumbani tangu mwaka juzi, alifika giza limeshaingia na kuondoka alfajiri kuwahi kazi, kwa hiyo hakuona kitu. Sasa aliona. Alishuka garini, akasogea hadi kwenye kisiki cha kwanza, akakigusa.

Mjomba wake Castory, kaka wa mama yake, alitoka nyumbani kuwapokea. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji wake. Kisiki kisingekuwapo pale bila yeye kuafiki. Judith alimwamkia, akamwuliza kwa nini.

"Tulikaa ukoo mzima," alisema Castory. "Mama yako alisema mikarafuu imezeeka, mwaka inazaa, miaka miwili hailipi. Alisema anataka kujaribu kitu: apande mlenda, majani yawe mtaji wake kwa Hafidhi. Mimi nilimwuliza, ukipoteza je? Akasema, nikipoteza nitakuwa nimepoteza mwenyewe."

"Na ukakubali, mjomba."

"Dada yangu hajawahi kuniomba kitu maisha yake yote. Ningemnyimaje cha kwanza?"

Judith alimtazama mama yake, aliyekuwa ameinama akichuma majani kana kwamba mazungumzo hayo hayamhusu. Alidhani anamjua mwanamke huyu. Kila mwezi alimtumia fedha za matumizi, akamnunulia godoro, akamwezekea nyumba bati, na siku zote Modesta alishukuru. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba mama yake anaweza kuwa na hamu ya kitu ambacho hakutumiwa na mtu.

Aliporudi Dar es Salaam alimweleza bosi wake ukweli wote, akaondolewa kwenye mradi. Kazi ikabaki kwa Godfrey peke yake. Godfrey aliandika kwamba jaribio la kwenye kioo ni la kweli na halina ujanja, ila chini ya ardhi kuna joto, kuna chumvi, kuna vijidudu vinavyokula ute wa mimea kama siafu wanavyokula mzoga, na hajaona popote kitu cha namna hiyo kikidumu. Alishauri mfuko usubiri. Mfuko haukusubiri, ulikataa.

Siku hiyo Godfrey alimpigia Judith. "Samahani," alisema. "Huyu bwana ni mwaminifu. Lakini waaminifu nao hufilisika."

Maneno hayo yaliingia kwa Judith yakakaa. Akawa anakwenda Matombo kila alipopata nafasi, na kila akienda anarudia jambo moja: mama aziache hizo hisa. Aliufahamu ulimwengu huo. Alijua kampuni changa ngapi huzikwa kimya kimya. Alikuwa amefikiria njia, na njia yenyewe ilikuwa nzuri: Modesta amrudishie Hafidhi hisa zake zote, na Hafidhi afunge naye mkataba wa kununua majani yote atakayoyahitaji kwa miaka mitano, kwa bei isiyoshuka. Hapo, kampuni ikipanda au ikilegea, mkulima analipwa majani yake. Hasara inabaki kwa mwenye kampuni.

"Mimi sikuingia ili niuze majani," alisema Modesta mara ya kwanza.

Mara ya pili alichukua jembe akaenda shamba. Mara ya tatu, jikoni, Judith alianza kusema kwa utulivu kama alivyozoea kazini, akafika katikati sauti ikamkatika, akalia kama mtoto, kichwa kimelalia magoti ya mama yake. Alilia kwa ajili ya mikarafuu, na kwa ajili ya uzee wa mama yake, na kwa hofu ya kumwona siku moja ameketi mlangoni hana shamba wala hisa.

Modesta alimpapasa mgongo kwa muda mrefu. "Haya," alisema mwishowe. "Mwite Hafidhi."

Hafidhi alikuja na mwanasheria wake. Alipoelewa anachoombwa, alimgeukia Modesta, akamwacha Judith pembeni.

"Bi Modesta, una hakika?"

"Binti yangu ana hakika," alisema Modesta, akatia saini.

Judith alirudi Dar es Salaam akiwa mwepesi. Majani yalinunuliwa, fedha zilikuja kwa wakati, na majirani wawili watatu nao wakapanda mlenda kwa kumwona Modesta. Hafidhi alipata kampuni moja ya nje, yenye visima vilivyochoka huko jangwani, iliyokubali kujaribu kimiminika chake kwenye eneo dogo. Judith alisikia habari hizo, hakuzitilia maanani. Majaribio hukubaliwa kila siku.

Masika yakapita, na kiangazi, yakaingia masika mengine. Siku moja asubuhi, Judith akiwa kazini, Godfrey alipiga simu, na kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema, Judith alidhani kuna msiba.

"Nilikosea," alisema Godfrey. "Nimeongea na watu niliofanya nao kazi huko. Visima vilivyokuwa vinatoa maji matupu vinatoa mafuta. Kimoja kimerudi kama kilivyokuwa miaka ishirini nyuma. Hakuna joto kali kwenye mwamba ule, nadhani ndiyo sababu, lakini visima vya namna hiyo duniani ni maelfu. Judith, wananunua kampuni yote. Mfuko wako umefungiwa nje, na mimi ndiye niliyefunga mlango."

Judith aliuliza kitu kimoja tu. "Na majani? Watahitaji majani mengi zaidi?"

"Hawahitaji majani," alisema Godfrey. "Wameshajua ute ule umeundwaje. Wataupika wenyewe kiwandani, kwenye matangi. Wananunua ujuzi, si mlenda."

Simu ilibaki sikioni mwake baada ya Godfrey kukata. Wafanyakazi wenzake walimwona amekaa wima, macho kwenye ukuta, na mmoja alimletea maji asiyaguse. Mkataba aliubuni yeye. Majani yote atakayoyahitaji Hafidhi: ndivyo alivyoandika, kwa kalamu yake, akiona ameziba kila tundu. Na Hafidhi sasa hahitaji hata jani moja. Hisa tatu katika kumi, ambazo mama yake alizishika kwa mikono miwili, yeye ndiye aliyembandua vidole.

Hakungoja ruhusa. Alishika njia ya Morogoro, akaipita stendi ya Msamvu bila kusimama, na muda wote alikuwa akitunga maneno ya kumwambia mama yake na kuyafuta. Alipofika Matombo alimkuta Modesta uani akipeta mahindi. Mteremkoni mlenda ulikuwa umekomaa, umeanza kutoa mbegu, hakuna aliyeuvuna.

"Umesikia," alisema Modesta.

"Umesikia wewe?"

"Hafidhi alikuja mwenyewe juzi. Alikaa hapo, akashindwa kunywa hata chai."

Judith alipiga magoti mbele yake, pale pale kwenye makapi. "Mama, nisamehe. Nimekuharibia. Ningekuacha na uamuzi wako, leo hii..."

"Nyanyuka, utachafua nguo."

"Mama, huelewi ulichokosa."

"Naelewa. Hafidhi alinitajia." Modesta aliweka ungo chini. "Na wewe uelewe kitu. Hukunidanganya, wala hukunilazimisha. Siku ile nilipotia saini nilikuwa bado naziamini hisa zangu."

Judith alimkodolea macho. "Sasa kwa nini ulikubali?"

"Ulikuwa hulali. Umekonda, kila ukija macho mekundu. Nikajiambia, haya mafuta ya visimani yatatoka au hayatatoka, mimi nina mtoto mmoja." Alisema hivyo bila kulainisha sauti, kama anayeeleza bei ya ndizi. "Hicho ndicho nilichokitoa, na nilikitoa nikijua. Usije ukaninyang'anya na hicho kwa kusema ulinipumbaza."

Hakuna kitu katika yote yaliyotokea, si tone lile jeusi, si mikarafuu, si simu ya Godfrey, kilichomshtua Judith kama maneno hayo. Alibaki amepiga magoti, akimtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu mgeni mlangoni. Alikuja akidhani anamwomba msamaha mwanamke aliyepotoshwa. Kumbe alikuwa amelipiwa, muda wote huo, na hakujua.

"Na majirani?" alisema baadaye, walipokuwa wamekaa kwenye kibaraza. "Wale waliopanda?"

"Hao ndio wananiumiza kichwa. Wao hawakuwa na binti wa kulia." Modesta aliutazama mteremko. "Mjomba wako amewaambia wang'oe nusu wapande maharage kabla mvua haijaisha. Wengine wamenikasirikia, na wana haki. Mikarafuu nitapanda tena, ingawa faida yake sitaila mimi."

Mlango wa nyumba ulifunguka, akatoka Hafidhi, kumbe tangu juzi hajaondoka, mikono imejaa unga wa kijani mpaka kwenye viwiko. Alimsalimia Judith kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa. Nyuma yake, sebuleni, Judith aliona meza imetandikwa nailoni, na juu yake vibakuli vya ute, mizani, na lile koti jeupe la mama yake limetundikwa kwenye kiti.

"Nini hiki?" aliuliza.

Hafidhi alimtazama Modesta. Modesta alitikisa kichwa, hapana.

"Mama, mnafanya nini humu ndani?"

"Kuna ugali na dagaa jikoni," alisema Modesta, akiinuka. "Kula, umetoka mbali."

"Mna mradi mwingine. Amekupa hisa?"

Modesta alinyosha mkono mlangoni, akalichukua koti lake pale kitini, akalivaa, akafunga kifungo kimoja kimoja bila haraka. Kisha akaingia ndani pamoja na Hafidhi, na Judith akasikia komeo likiteremshwa.